Nadai haki za walimu, nyumbani dada wa kazi ananidai mimi

Shikamoo shangazi. Naomba hii barua uisome mpaka mwisho ndo unijibu, najua ni ndefu ila nikiikatakata hutanielewa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar, nafundisha Uraia, nina miaka 38, nimeolewa, tuna watoto watatu, mkubwa wa kiume ana miaka 14, wa kati 9 na wa mwisho 4. Shuleni kwetu mimi ndo mwakilishi wa chama cha walimu, mwaka wa tano huu, na wenzangu walinichagua kwa sababu nasema. Mwalimu akicheleweshewa malimbikizo yake, mwalimu akipandishwa daraja kwenye karatasi afu mshahara ukabaki palepale, mwalimu akigombezwa mbele ya wanafunzi, mimi ndo nasimama kikaoni naongea. Na siongei kwa kujionyesha shangazi, yanatoka moyoni kabisa. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge huko Tanga, nimemuona akirudi nyumbani mikono imechanika na hela hajapewa, mama anaenda kukopa unga dukani, nikajiapia mimi nikikua mtu akifanya kazi atalipwa na ataheshimiwa.

Sasa nyumbani kwangu kuna dada wa kazi. Ana miaka 20, mwaka wa pili unaisha yuko kwetu. Gari la shule linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri kwahiyo yeye saa kumi na nusu yuko macho, anachemsha maji ya kuoga, anapika chai, anaandaa watoto. Wakiondoka anafagia, anafua, anamwangalia mdogo, anapika, mchana mdogo akilala na yeye anajinyoosha kidogo, jioni tena mapishi, kuogesha, kupiga pasi, vyombo vya usiku, mpaka saa nne ndo anaenda kulala, na baba watoto akichelewa anamsubiri amfungulie geti. Jumapili hana, sikukuu hana. Mshahara ni 80,000 na kila roho ikinisuta huwa najiambia mbona amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka 60,000 kwa mfanyakazi wa ndani anaelala kwa mwajiri, mi si niko juu ya hapo. Na hiyo 80,000 yenyewe haitoki kwa wakati. Mwezi wa tatu sikumpa sababu ya ada, mwezi wa nne nikasema nitampa yote kwa pamoja.

Kilichonifanya nikuandikie ni Mei Mosi. Nilitoka asubuhi na fulana yangu mpya, tukaandamana, tukakaa juani kusikiliza hotuba, nikarudi saa tisa miguu inawaka moto. Nimefika mlangoni hata viatu sijavua nikapaza sauti, we dada, maji ya kunywa! Akatoka jikoni na glasi kwenye kisahani. Shangazi, alikuwa amevaa fulana yangu ya Mei Mosi ya mwaka juzi. Nilimpa mwenyewe awe anafulia nayo. Imetoboka kwapani, ina madoa ya jiki, maandishi ya kifuani nusu yamebabuka lakini "haki" na "mishahara" bado yanasomeka. Akanipa maji amekunja goti kidogo kama kawaida yake, akasema kwa sauti ya chini, mama samahani, kama umepata naomba hata ya mwezi mmoja, bibi anaumwa nyumbani. Na mimi na fulana yangu mpya ya wafanyakazi nikamjibu, we unadhani hela naokota? Si nilishakwambia usubiri? Akasema sawa mama, akarudi jikoni, nikasikia bomba limefunguliwa anaendelea na vyombo.

Nilikaa kwenye kochi na ile glasi mkononi, maji hayakupita.

Kuanzia siku hiyo naona vitu ambavyo vilikuwepo siku zote. Kikombe chake cha plastiki cha bluu kinaning'inia msumarini peke yake, sikumbuki hata nani alianzisha, ila binti yangu wa miaka 9 akiandaa meza anajua kabisa hiki cha dada, hakuna aliyemwambia. Na anavyomuita "we dada", ile sauti ni yangu mimi.

Si kwamba sijajaribu. Januari nilimtangazia kuwa Jumapili atakuwa anapumzika, akafurahi mno, akaenda kanisani akapitia kwa binamu yake Mbagala. Jumapili tatu. Ya nne tukapata wageni nikamwomba aahirishe, ya tano mtoto akapata homa, ya sita mimi sikusema kitu na yeye hakusema kitu, ikaisha hivyo. Baba watoto anasema ukimlegezea atakupanda kichwani. Mama mkwe anasema sisi tuliletwa mjini tukafanya kazi hata hiyo elfu themanini hatukuiona. Na mi mwenyewe nachoka jamani, foleni, nafika nyumbani usiku unaingia, mtu wa kwanza kukutana nae ni yeye, hasira zote za siku zinamwangukia yeye. Kwenye hela ndo hivyo, mshahara ukiingia mkopo wa benki umeshakatwa, natoa mchezo wa kupeana hela 100,000, huo sijawahi kuchelewesha hata mwezi mmoja maana wenzangu kumi wanausubiri, natoa ada, umeme, gesi, dada anabaki mwisho.

Wiki ijayo nina kikao cha walimu, mimi ndo natakiwa niongelee malimbikizo. Sijui nitafungua mdomo vipi. Je mi ni mnafiki? Niachie uwakilishi? Au nifanye nini ili yule mtu ninayekuwa kikaoni ndo huyohuyo niwe na nyumbani, maana kuapa nimeapa sana na narudi palepale.

Mwalimu, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hatujaongea chochote, mtumie hela yake. Miezi miwili ni 160,000, weka na ya kutolea, itume kwenye simu yake yote kwa pamoja, leo. Kama huna kopa kwa mmoja wa hao kumi wa mchezo, kopa kama ambavyo ungekopa mtoto wako angerudishwa ada. Kuna bibi mgonjwa huko kijijini anasubiri hela ambayo mjukuu wake alishaifanyia kazi mwezi wa tatu. Usimwite sebuleni ukamweleza, usimpe kwa mkono na maneno juu yake, tuma tu, na ukishatuma ndo uendelee kusoma.

Umeniuliza kama we ni mnafiki. Mnafiki ni mtu asiyeamini anachosema, na wewe unaamini, ningekuwa na shaka nisingekujibu kwa urefu huu. Ila kuamini kwako dada hakumsaidii chochote, chai haipikiki kwa imani yako, na bibi hanunuliwi dawa nayo. Kwahiyo hilo swali la wewe ni mtu wa aina gani liweke pembeni, linakuhusu wewe, na tatizo lililopo mezani linamhusu mtu mwingine.

Kuna mstari mmoja kwenye barua yako nimerudi kuusoma mara tatu. Umesema mchezo hujawahi kuchelewesha hata mwezi mmoja. Mwenyewe umeupitia haraka haraka kama kitu cha kawaida, na jibu lako lote liko hapo. Mshahara ni uleule, mkopo uleule, ada ileile, lakini mchezo unatoka kila mwezi na mshahara wa dada unakwama. Maana yake tatizo lako si udhaifu wa nia, wala si kwamba huna nidhamu ya hela, nidhamu unayo tena ya kutosha. Kwenye mchezo kuna wanawake kumi wanaojua tarehe, wanaojua kiasi, na ukichelewa siku mbili simu inaita. Wanapo pa kukushikia. Dada hana pa kukushikia. Anachoweza ni kukunja goti na kusema samahani kama umepata, na wewe unaweza kumjibu unavyotaka na dunia isijue.

Kwahiyo ukiniuliza utoke vipi hapo, sitakwambia ujaribu zaidi wala uombe upewe moyo wa huruma. Umejaribu Januari, ikafika Jumapili tatu. Nakwambia mpe dada pa kukushikia. Fanya mambo ambayo ukiyavunja yeye ana haki ya kusema na wewe huna pa kukimbilia, hapo ndo unachokiamini kitaacha kutegemea umeamkaje.

Nikwambie kitu changu. Miaka ya nyuma wakati wanangu wadogo nilikaa na dada mmoja kutoka Singida, karibu miaka minne, na mimi nilikuwa na maneno mazuri kama yako. Siku anaondoka kwenda kuolewa nikamnunulia vitenge viwili na seti ya vyombo, nimejiona mama mwema kweli. Akaniambia mama naomba tukae kidogo. Akatoa daftari la hesabu, lile la viboksi, kaliweka kwenye mfuko wa rambo. Lilikuwa na tarehe. Mwezi ambao sikumlipa, mwezi niliompa nusu, hela yake ya likizo aliyonikopesha siku gesi imeisha, Jumapili nilizomwahidi na zikapita. Hakuandika hata neno moja la kunilaumu, ni tarehe na kiasi tu, kwa mwandiko mzuri wa mtu wa darasa la saba. Nilikasirika kwanza, nakuambia ukweli, nikamwambia kumbe ulikuwa unaniwekea kumbukumbu? Halafu nikaanza kupitia moja moja na hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Ilifika mishahara ya miezi minne na ushee. Nilimlipa kidogo kidogo kwa M-Pesa mpaka mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Miaka minne nilikuwa nadaiwa ndani ya nyumba yangu na nilikuwa silijui deni, mwenye kulijua ni yeye, analala nalo chini ya godoro.

Najua na huyo wako analo daftari, hata kama liko kichwani.

Wewe unafundisha Uraia kwahiyo haya utakuwa umeyasimulia darasani mara nyingi kuliko mimi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, wakisema watakatwa sehemu kubwa ya kipato. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu mia nne, lakini alichofanya hapohapo ndo ninachokikumbuka zaidi, alikubali kwamba mishahara ya wakubwa nchini ni mikubwa mno na akaukata wa kwake kwa asilimia 20. Alianza na tarakimu, na tarakimu yake mwenyewe. Miezi michache baadae Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na ukiliangalia vizuri halikumwambia kiongozi awe na moyo wa kijamaa tu basi, liliweka masharti, usiwe na mishahara miwili, usipangishe nyumba, usiwe na hisa kwenye kampuni. Unaweza kubishana kama yalifaa au hayakufaa, na mwaka 1991 kule Zanzibar CCM waliyalegeza, lakini yalikuwa ni vitu ambavyo mtu wa kawaida anaweza kunyoosha kidole akasema fulani ana nyumba ya kupangisha.

Na kilichokuja 1971 mimi ndo huwa nakipenda zaidi. Mwongozo wa TANU, chama kilichokuwa kinatawala wakati ule, ibara ya 15 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Maneno kama hayo tumeyasikia mengi, ila safari ile wafanyakazi viwandani waliyachukua wakayatumia, meneja akiwatukana wanaweka chini zana wanasema ibara ya 15, kuna sehemu waliwafungia mameneja nje ya geti. Serikali yenyewe baadae ilishtuka. Ila unaona kilichotokea, lile neno liliacha kuwa hotuba siku lilipoingia mikononi mwa yule aliye chini. Hicho ndo nakitaka kwenye nyumba yako, bila kufungiana nje.

Sasa tushuke kwenye saa. Saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa nne usiku ni saa 17 na nusu. Toa mapumziko ya mchana, mwachie 15. Mara siku 30 ni saa 450. Gawa 80,000 kwa 450, inakuja shilingi 177 na senti. Andazi hapo mtaani kwenu shilingi ngapi? Hiyo ndo hesabu ya kumwonyesha baba watoto akisema unamlegeza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo ndo hiyohiyo unayoitaja kwenye vikao, inasema saa 45 kwa wiki, kwa siku zisizidi 9, siku sita, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, mapumziko ya saa 24 kila wiki, likizo ya malipo siku 28 kwa mwaka. Haikumtoa mfanyakazi wa nyumbani. Na hicho kima cha 60,000 unachojifichia, kwanza tangu hapo imetoka amri nyingine, nenda ofisi ya kazi uulize kiwango cha sasa, pili kima cha chini ni pale ambapo ukishuka unavunja sheria, hakikuwekwa kuwa kipimo cha roho ya mtu aliyemuona baba yake anarudi na mikono imechanika.

Utaniambia shangazi 45 haziwezekani kwa maisha ya Dar. Kwa jinsi nyumba yako ilivyopangwa sasa hivi kweli haziwezekani, na hapa ndo nataka tukae, maana watu wengi wanakwama hapa wanadhani wamekosa utu kumbe wamekosa mikono. Nyumba yako ina watu sita na kazi zote zimelala kwenye migongo miwili ya kike, wa kwako na wa kwake, na wa kwako ukichoka unamwongezea yeye. Baba watoto yuko wapi kwenye barua yako? Nimemuona sehemu mbili, anafunguliwa geti na anatoa ushauri. Nenda kwa fundi achonge ufunguo wa pili wa geti, ni elfu chache, mpe mkononi, mambo ya kumsubiria mtu mzima yaishe wiki hii. Kijana wa miaka 14 anaweza kuamka akachemsha maji na chai ya ndugu zake, mbona kwao kijijini wa umri huo wanachunga ng'ombe, na kumfundisha sasa ni kumsaidia mkewe mtarajiwa, yani mkwe wako. Vyombo vya usiku watoto wawili wakubwa wapokezane. Fulana za shule za siku tano zipigwe pasi Jumapili kwa mkupuo na baba yao, pasi haichagui mwanamke.

Ukifanya hivyo dada anaweza kuanza saa kumi na mbili wakati wewe unatoka, na kumaliza saa moja jioni ukisharudi. Mdogo ana miaka minne, mtafutie chekechea ya hapo karibu ya asubuhi, saa tatu za katikati zikawa za dada kweli, asiambiwe hata kamata ufagio, alale, atoke, kama anataka cherehani akajifunze. Inabaki saa 10 kwa siku, siku tano ni 50, Jumamosi uko nyumbani afanye saa nne, jumla 54. Tisa ni za ziada. Kwa mshahara huohuo wa 80,000 nimepiga hesabu kwa kanuni ya mara moja na nusu, zinakuja kama 24,000 kwa mwezi. Hiyo 24,000 usiiite asante, ni yake. Mwakani mtoto akianza shule utazipunguza hizo saa zenyewe.

Haya yote yaandike karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, sheria nayo inataka hivyo. Saa ya kuanza, saa ya kumaliza, siku ya mapumziko, kiasi, tarehe ya malipo. Msainiane, nakala moja akae nayo yeye. Usiiandike peke yako ukampelekea kama tangazo la shule, muulize kwanza. Sio "unataka nini" maana atasema chochote tu mama, hawezi kujibu swali kama hilo mbele ya mtu anayemlisha. Muulize vitu vidogo, Jumapili unapenda kutoka saa ngapi, likizo yako twende tuiweke msimu wa kilimo au Krismasi, mshahara nikutumie kwenye simu au nikuwekee sehemu. Mwambie pia kuna chama cha wafanyakazi kinachobeba na wa majumbani, CHODAWU, akitaka kujiunga ni haki yake. Najua hapo moyo utakupiga kidogo. Ni moyo uleule wa mkuu wa shule ukiingia kikaoni na mafaili yako.

Tarehe ya malipo, fanya iwe siku mshahara wako unapoingia, yeye wa kwanza, mchezo wa pili. Mwambie hivyo mbele ya mumeo, kwamba mshahara ukiingia na jioni ikafika hajaona ujumbe kwenye simu, aulize, na hatajibiwa vibaya. Na mwezi ukibana kweli, maana itabana, unamwambia kabla ya tarehe na unampa siku, kama unavyotaka mwajiri wako akufanyie.

Jumapili nayo. Ile ya Januari ilikufa kwa sababu ilikuwa ruhusa yako, na mwenye kutoa ruhusa ni mwenye kuichukua, wageni wakija unaitaka irudi. Wageni wakija tena Jumapili, utapika wewe, au watu mtakula chapati za kununua, au mumeo atakatakata nyama. Mtoto akiumwa, ana mama na baba. Ukimuhitaji kabisa kabisa unamuomba, anaweza kukataa, na akikubali anachagua siku nyingine wiki hiyohiyo. Siku ya kwanza atakayokataa itakuuma. Usinune. Ndo siku utakayojua kwamba ile karatasi inafanya kazi.

Mama mkwe muache na historia yake, ameteseka na anaona mateso yake yatapotea bure kama wengine hawatayapitia, muonee huruma lakini asipange mshahara nyumbani kwako.

Kuhusu kuomba msamaha, subiri. Najua unatamani umkalishe umwambie nimekukosea, mlie wote wawili, utoke hapo mwepesi. Ukimwambia leo atasema yameisha mama, kwani angesema nini kingine? Hapo unakuwa umemuongezea kazi nyingine, ya kukufariji. Lipa, andika, timiza miezi mitatu, halafu siku moja mnamenya viazi mwambie, ile siku ya Mei Mosi nilikujibu vibaya sana. Maneno machache tu.

Sauti yako jioni ukifika mlangoni, hiyo haina mkataba. Ninachoweza kukwambia ni hiki, ukifika usiingie moja kwa moja. Kaa hapo barazani dakika tano na begi lako, vua viatu, kunywa maji yako mwenyewe kwenye chupa, halafu ingia umsalimie kwa jina lake kabla hujaomba kitu. Dada ni neno zuri, lakini wewe na wanao mmeligeuza kuwa cheo cha mtu wa kutumwa, na barua yako ndefu yote sijui huyu binti anaitwa nani. Binti yako wa miaka 9 hajafundishwa na mtu kile kikombe, ni kweli, alikuwa anaangalia. Ataangalia na hili. Kikombe chenyewe kitoe msumarini, vikombe vyote vikae kabati moja na kila mtu achukue kinachomfikia mkono, wala usikitolee hotuba.

Uwakilishi usiache. Walimu wana malimbikizo yao na wanahitaji mtu wa kusema, ukikaa kimya dada hapati hata senti. Nenda kikaoni useme yote uliyopanga kusema. Na mkifika kwenye mengineyo, uliza swali moja, hapa ndani tunaokaa na dada wa kazi tuko wangapi, na nani anajua anadaiwa naye miezi mingapi. Sema ya kwako kwanza, miezi miwili na tarehe uliyolipa. Watu wataangalia chini, mmoja atakasirika, na wawili watakufuata nje mkishamaliza kukuuliza ile karatasi uliiandikaje. Hao wawili waweke karibu. Mkiulizana kila mwisho wa mwezi kama mnavyoulizana mchezo, umepata wa kukushika.

Mshahara wa mwezi huu ukiingia niandikie tena. Nataka kujua umemtumia shilingi ngapi na ilikuwa saa ngapi, na bibi anaendeleaje.

Shangazi yako